Viatu vya kazini kwa mwanamke mwenye mguu 43 tena mpana, mnapata wapi jamani?

NesiWaZamu:
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kabla sijaanza kwenda kazini na ndala.

Mi ni nesi, niko Dar, zamu zetu ni za kusimama toka unaingia mpaka unakabidhi, na kazini viatu lazima viwe vyeusi, vya kufunika, kisigino kifupi. Yeboyebo hawataki na naelewa kwa nini, sindano ikidondoka au damu ikimwagika vile vitobo havikusaidii kitu. Sasa shida ni mguu wangu. Ni 43 na juu ya hapo ni mpana huku mbele, na pembeni ya dole gumba kuna kale kamfupa kametokeza.

Kariakoo ukiingia duka la viatu vya kike ukataja 43 muuzaji anakuangalia usoni kwanza, alafu macho yanashuka taratibu mpaka miguuni, alafu anapaza sauti kwa mwenzie wa stoo "oyaa 43 ya kike ipoo?" na duka zima linageuka. Ikipatikana 42 anakwambia vaa tu dada vitatanuka. Havitanuki! Ile si ngozi ni plastiki iliyopigwa chapa ya ngozi, kinachotanuka ni mguu wako, jioni ukivua unakuta mshono umejichora juu ya dole gumba na soksi imeganda kwenye lengelenge mpaka uilowanishe ndo itoke.

Nikahamia vya kiume, 44, zile za ofisini zenye ncha ndefu. Mbele bado panabana, nyuma kisigino kinachomoka, nikipita wodini ni klap klap klap mgonjwa wa kitanda cha mwisho anajua nakuja. Vingine niliagiza kwa muuzaji wa insta, kwenye picha kiatu cha maana kabisa, kilichofika soli iliachia gundi kabla mshahara haujatoka na nilipomuuliza akaniblock.

Bajeti laki moja, naweza kusogea kidogo kama kiatu kinadumu. Sio lazima kipendeze, nataka jioni nipande daladala bila kuchechemea. Wenye saizi kubwa mnafanyaje?

BwasheeWaTandika:
43 ya kike? Dada hiyo sio saizi hiyo ni namba ya nyumba 😂😂
Utani dadangu usinune. Chukua raba nyeusi za kiume, nani anakagua.

NesiWaZamu:
@BwasheeWaTandika siku ukija kuchomwa sindano uombe usinikute mimi 😂. Raba nimejaribu ila za machinga zile soli ngumu kama ubao, bora nisimame peku. Nipeni mwongozo wa kuchagua basi maana naona napapasa tu.

Fundi_Kona:
Dada pole na majukumu. Mi ni fundi viatu, natengeneza na kukarabati, niko hapahapa Dar, sitaji kijiwe changu wasije wakasema natafuta wateja.

Kwanza hilo la kuongeza namba. Wateja wangu karibu wote wenye mguu mpana wanafanya ivo ivo na ndo linalowaumiza. Namba ya kiatu ni urefu, basi. Toka 43 kwenda 44 za Ulaya unaongeza theluthi mbili za sentimita kwa urefu, upana unaoongezeka pale ni mdogo sana, hautoshi mguu wa mtu ambaye ni mpana kweli. Na kuna hasara nyingine. Kiatu kinashonwa juu ya kalibu, ule mguu wa mti au plastiki, na kalibu ina sehemu yake ya kukunjika, pale kwenye mashina ya vidole. Ukivaa kirefu kuliko mguu wako, kunjo la kiatu linaenda kukaa mbele ya kunjo la mguu. Kwaiyo ukipiga hatua mguu unakunja hapa, kiatu kinataka kukunjia kule, wakikosa kuelewana kisigino kinachomoka. Hiyo klap klap yako ndo hiyo. Ncha ndefu nazo usizihesabu kabisa, ule ni urembo, vidole haviingii mule.

Kwaiyo baki na urefu wako, tafuta UPANA.

Fanya hivi. Ukitoka zamu jioni, sio asubuhi, maana mguu unavimba mchana kutwa, weka karatasi sakafuni usimame juu yake na uzito wote, usikae. Mwambie mtu akuchoree, penseli iwe wima isiingie chini ya unyayo. Chora yote miwili, wengi wetu mmoja umezidi, na kiatu unanunua kwa kufuata ule mkubwa. Alafu kata ile michoro na mkasi ukaiweke kwenye pochi. Dukani, chomoa ile soli laini ya ndani (kama inachomoka) uiweke juu ya karatasi yako. Karatasi ikichungulia pembeni hicho kiatu rudisha, usipoteze muda kukijaribu, hata muuzaji akikuapia kwa mamaake. Kama haichomoki itumbukize karatasi ndani ya kiatu uone kama inajikunja pembeni. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono hivi.

Vingine vya kuangalia: kikunje kiatu kwa mikono miwili. Kizuri kinakunjika mbele kwenye vidole. Kikikunjika katikati, pale unyayo ulipobonyea, hicho ni cha kwendea harusini ukakae, sio cha kusimama wodini. Minya nyuma kwenye kisigino, pawe pagumu. Na mshono wa kwenye soli usikudanganye, siku hizi wanachonga mfano wa mshono kwenye raba ya soli, uzi hauendi popote. Geuza chini, ulioshonwa kweli utauona uzi unapita kwenye mfereji wake chini ya soli, au ndani ukiinua ile soli laini. Ambacho kimegundishwa tu sio lazima kiwe kibaya, raba nzuri nyingi zimegundishwa, ila iwe gundi ya kiwandani, na mvua zikija usikianike juani kwenye bati.

Wa_Rongai:
Sasa NesiWaZamu. Huku Nairobi shida ni ileile, mimi ni mwalimu na navaa 42 ama 43 kulingana na kiatu so naelewa hiyo kuangaliwa mpaka miguu 😅. Mimi niliacha maduka za kike kabisa. Gikomba wakifungua bale asubuhi wale wa kamera, wale huchagua kwanza, ndio hubeba zile poa zote, ukifika saa nne unapata mabaki, so nikajiwekea mtu wangu hapo, akiona saizi kubwa ya mama ananitumia picha kwa WhatsApp kabla aitundike. Tafuta mtu kama huyo huko kwenu, ni muhimu kuliko soko yenyewe.

Ama hizi viatu nyeusi za shule za vijana, Bata wanazitengeneza Limuru, watu wazima wengi huku wanavaa job na hakuna mtu hujua ni za form four. Mbele ziko na nafasi kiasi, duara hivi. Na ukishindwa kabisa kuna mafundi wa ngozi pale Kariokor, wengi wanajulikana kwa akala na sandali za shanga lakini wenye hutengeneza za kufunika wako, unaenda na kiatu yako ya zamani ile ilikubali mguu anaitumia kama sampo.

MzeeWaMarobota:
Nimecheka hapo kwenye oyaa 43 ya kike ipo maana mi ni miongoni mwa hao wapiga kelele 😀 nauza viatu miaka mingi, nilianza na vipya Kariakoo sasa hivi niko mtumba. Ngoja nikwambie kwa nini hupati.

Viatu vipya vya kike tunachukua kwa katoni, na katoni inakuja imeshapangwa saizi na wenye mali, mara nyingi inaanzia 36 au 37 inaishia 41, za katikati zinarudiwa mbili mbili. Huwezi kusema nitolee 37 niwekee 43. Ukitaka 43 inabidi uagize kiwandani oda ya peke yake na pea nyingi, utakaa nazo mpaka zipauke. Kwaiyo sio kwamba wateja wa 43 hawapo, wapo wengi tu wanakuja wanaondoka kama wewe, ila hela ya mfanyabiashara mdogo haiwezi kulala kwenye 43. Ndo ukweli wenyewe.

Mtumba ni tofauti, robota linatoka kwa watu wenye miguu ya kila aina huko Ulaya na Marekani, 43 ya kike ni kitu cha kawaida mule. Nenda Ilala pale Karume au hata Manzese, nenda mapema na usivae gauni refu maana utainama sana. Ukishika kiatu angalia kibandiko cha kwenye ulimi, kuna US, UK, EU na CM. Shika CM, zile zingine kila kampuni ina yake. Ukijipima mguu ukapata 27 basi tafuta 27, haijalishi ni ya kike au kiume.

Ila na mtumba kuna mtego, Fundi atakubaliana na mimi. Kuna soli nyepesi laini za povu, wanaziita PU, zile zikikaa miaka zinaoza zenyewe hata kama kiatu hakijavaliwa hata siku moja. Unyevu ndo unazila na joto letu la Dar linaharakisha. Unanunua kiatu juu kinang'aa, ngozi safi, unavaa siku mbili soli inameguka unaacha vipande njia nzima. Kwaiyo bonyeza na ukucha pembeni mwa soli, pale inapokutana na ngozi. Ikitoa unga, ikinata, au ukiona vinyufa vidogo vidogo, weka chini uondoke hata kama ni elfu tano.

Fundi_Kona:
@MzeeWaMarobota umesema kweli tupu. Naletewa hivyo kila wiki, mtu analia kiatu cha mzungu kimemdanganya. Kama juu bado ni ngozi nzima mi natoa soli yote nashona nyingine ya raba, inakaa. Sio hasara yote.

JembeLaMkono:
Tatizo ni sisi wenyewe. Nchi ina ng'ombe wote hawa, ngozi inasafirishwa ghafi alafu tunaenda kugombania viatu vilivyovaliwa na wafu. Mitumba ipigwe marufuku tuone kama hatutavaa vya kwetu.

MzeeWaMarobota:
@JembeLaMkono hiyo hadithi ya viatu vya wafu nimeisikia toka naanza biashara. 2016 marais wa Afrika Mashariki walishakubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019, wengine wakarudi nyuma kimyakimya, Rwanda peke yake ikakaza na ushuru na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda zinazoingia kwao. Mi sipingi viwanda, Moshi pale Karanga kuna kiwanda cha ngozi cha Magereza na PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, viatu vyake vigumu vya kazi nimeviona. Lakini leo hii dada wa watu anasimama wodini na malengelenge, unamwambia asubiri sera?

JembeLaMkono:
Asubiri kwani kafa? 😂 Haya yaishe, turudi kwenye mada.

Kibonge_Ughaibuni:
Nawasalimu kutoka Marekani, huku baridi limeshaanza. Dada mi ni kibonge na mguu wangu ni wa ukoo, bibi yangu alikuwa anavaa katambuga za tairi maisha yake yote kwa sababu hakuna kiatu cha dukani kilichomuingia. Nimefanya kazi ya kulea wazee huku, ni kusimama kama wewe, kwaiyo nikwambie kitu ambacho sikukijua nikiwa Bongo.

Huku kuna viatu vinauzwa kwa namba NA herufi, herufi ndo upana. Upana wa kawaida wa mwanamke ni B, wa mwanaume ni D. Yani urefu uleule, kiatu cha kiume tayari ni kipana kuliko cha kike, ndo maana Bwashee pale juu na utani wake alikuwa anaongea la maana bila kujua. Kwa mwanamke D ni pana, 2E ni pana zaidi. Kwa mwanaume pana inaanzia 2E, kisha 4E. New Balance ni mojawapo ya kampuni wanaotengeneza hivyo na upana wanauandika kwenye kibandiko cha ulimi, kwaiyo hata kwenye lundo la Karume ukiiona 2E au 4E ishike kwanza ndo uulize bei. Clarks wa Uingereza wao herufi zao nyingine, kike D ni kawaida na E ni pana, kiume G ni kawaida na H ni pana. Usichanganye D ya hawa na D ya wale utanunua kitu cha ajabu.

Alafu namba, US ya kike na ya kiume zimepishana kama moja na nusu. Mguu wako wa 43 utakuta kiume ni 9 na nusu, kike ni 11. Ukimwagiza mtu wa huku mwandikie vyote, na CM juu yake, na neno kike au kiume, usiseme tu niletee 11.

Kuna chuma cha kupimia mguu kinaitwa Brannock, kilibuniwa kule Syracuse New York miaka ya 1920, unakanyaga juu yake kinasoma urefu, upana, na pia umbali wa kisigino mpaka shina la dole gumba, lile kunjo analolisema fundi. Nilipopimwa mara ya kwanza yule mzee wa dukani akaniambia urefu wangu ni mdogo kuliko namba ninayovaa, ila upana ni 4E. Nilikuwa nimevaa viatu virefu ujana wangu wote kumbe shida ni pembeni.

NesiWaZamu:
Jamani asanteni sanaaa, nimepima jana baada ya zamu, binti yangu ndo kanichorea akacheka mpaka penseli ikamponyoka. Mguu wa kulia 26.8, kushoto 27.1. Upana pale mbele ni 11 kasoro kidogo. Nimechukua kile kiatu cha 44 nikachomoa ile soli ya ndani nikaiweka juu ya karatasi, aisee mguu unachungulia pande zote mbili, alafu mbele kuna uwanja mtupu. Ndo nimeelewa.

Na nyie wenye wazazi wenye kisukari someni hapa pia, nikiwa kama nesi naomba. Wodini tunapokea watu kidonda kimeanzia kwenye kiatu kipya kilichobana, mgonjwa hakuhisi maana mishipa ya fahamu ya miguu imeshachoka, kashtukia soksi imelowa. Mzee wa kisukari akikwambia kiatu hakimbani usimwamini, mpime kwa karatasi, na awe anakagua miguu kila jioni, na ndani ya kiatu pia apitishe mkono kabla hajavaa, kajiwe kadogo tu kanatosha.

Swali kwa Fundi. Nikipata mtumba wa kiume upana ukakaa vizuri ila nyuma kisigino bado kinacheza, kuna dawa? Na nikisema nitengenezewe, laki moja inatosha?

Fundi_Kona:
Kucheza kidogo kuna dawa ya kamba. Chukua kamba mpaka tundu la pili kutoka juu kama kawaida, alafu badala ya kuvuka upande wa pili, rudisha kila kamba kwenye tundu la juu la upande wake huohuo, ibaki kama kitanzi kidogo. Ndo sasa uvushe kila kamba uipitishe kwenye kitanzi cha mwenzie, vuta kwa kushuka chini, funga. Inashika kifundo bila kubana vidole. Ndo maana nakushauri cha kamba, sio cha kutumbukiza, cha kutumbukiza hakina pa kurekebisha.

Kutengenezewa laki moja inaweza kutosha, inategemea ngozi na soli, wengine wataanzia hata sabini. Ila uliza maswali. Fundi akichukua namba yako tu bila kuzungusha tepu kwenye mguu, pale kwenye kafupa na pale juu ya mguu kamba zinapofungwa, huyo atakupa kalibu yake ya kiume ya kawaida na utarudi palepale. Anayejua anabandika vipande vya ngozi kwenye kalibu kuinenepesha pale mguu wako ulipotokeza, kabla hajavuta ngozi juu yake. Mwambie akuonyeshe. Bitana ya ndani iwe ngozi, sio kitambaa cha plastiki, miguu itapumua. Na ngozi yenyewe angalia ukingo uliokatwa, halisi ina nyuzinyuzi zimeshikana, feki ina kitambaa chini na rangi juu. Ngozi halisi pia ina faida, ikibana kidogo pembeni fundi anaipanua kwa kalibu ya kutanulia, ila ni upana tu, urefu hautanuki hata umlipe nani. Usilipe hela yote, lipa nusu.

MzeeWaMarobota:
27.1 ya kushoto basi tafuta kibandiko cha 27.5, upana 2E kwenda juu. Nikiiona nyeusi naiweka pembeni nakuPM, bei ya jukwaani sio ya barabarani.

BwasheeWaTandika:
Mzee na mimi niwekee 41 nyeupe, OG, bei ya jukwaani 😁

MzeeWaMarobota:
41 OG nyeupe kila mtu anataka we Bwashee, panga foleni.

Kadogo_wa_Tanga:
Samahani nadandia mada, sie wenye mguu 35 mwembamba tunaenda wapi? Kila kiatu cha kike naogelea ndani na nimechoka kuweka pamba mbele.

MzeeWaMarobota:
@Kadogo_wa_Tanga upande wa watoto dada, 35 ya mtoto ipo tele na bei nafuu, tafuta cha kamba au cha mkanda maana vya watoto vinakuwa vipana. Epuka tu vyenye taa.